Trauti wa bahari anayepita bei ya samoni: ni samaki gani huyu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpishi katika hoteli moja hapa Dubai, upande wa samaki, na kwetu ni Nyeri, karibu na Kiganjo. Mkuu wetu wa jikoni ameanza kuleta samaki mwenye mnofu wa rangi ya chungwa iliyokolea, na boksi limeandikwa "ocean trout", limetoka Tasmania, kisiwa cha Australia. Bei yake inapita ya samoni. Jikoni tumegawanyika: wengine wanasema ni samoni aliyepewa jina jipya ili auzwe ghali, wengine wanasema ni trauti. Mimi trauti ninayemjua ni wa mto wa kwetu, mnofu wake mweupe na samaki mzima anaenea sahani moja. Je, ni yuleyule? Bei hiyo ina haki? Kama ni yuleyule, kwa nini tusimfuge Mombasa? Na jambo la mwisho: nikimpika kama samoni ananikaukia. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Nianze na ubishi wa jikoni, maana huo ndio mwepesi kuumaliza. Waliosema ni trauti wamesema kweli. Huyo ni trauti upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss kwa jina la kisayansi, spishi ileile inayofugwa pale Kiganjo kwenye kituo kilichoanzishwa mwaka 1948. Ila waliosema samoni msiwacheke sana. Hadi mwaka 1989 wanasayansi walimweka trauti huyu kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Salmo, pamoja na samoni wa Atlantiki. Walipomchunguza vizuri wakamhamishia Oncorhynchus, ukoo wa samoni wa Pasifiki, kwa hiyo kwa nasaba yeye ni ndugu wa samoni wa Alaska. Aliyebaki kwenye Salmo ni yule trauti wa kahawia aliyeletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti. Huyo wa kahawia, ingawa naye anaitwa trauti, yuko karibu zaidi na samoni wa Atlantiki kuliko na huyu wa upinde, aliyefika kwetu mwaka 1910 kupitia Afrika Kusini.

Na bahari si jambo geni kwa trauti upinde. Asili yake ni Pasifiki ya Kaskazini, kuanzia Kamchatka huko Urusi hadi California, na huko kwao samaki wa mto mmoja hugawanyika: baadhi hubaki mtoni maisha yao yote, wengine huteremka baharini, hula na kunenepa, kisha hurudi mtoni kutaga wakiwa na uzito wa kilo kadhaa. Uliyemzoea Nyeri ni wa kundi la kwanza. Mfugaji wa Tasmania anatumia uwezo wa kundi la pili.

Kinachotakiwa ni kumvusha salama, na hapo kuna ufundi. Damu ya trauti ina chumvi kama theluthi moja ya ile iliyo kwenye maji ya bahari. Akiwa mtoni maji humwingia mwilini atake asitake, naye hukojoa mfululizo ili kuyatoa. Akifika baharini mambo yanageuka: maji yanamtoka, inabidi ayanywe maji ya chumvi na kuisukuma chumvi nje kupitia matamvua. Samoni wa Atlantiki ana msimu wake wa kujiandaa, mwili unageuka rangi ya fedha na anakuwa tayari kabisa. Trauti upinde hajiandai kwa ukamilifu huo. Kwake ukubwa ndio unaoamua. Akishushwa baharini angali mdogo mno anadumaa: anabaki mwembamba, kichwa kikubwa, halafu hakui na wala hafi upesi, anakula chakula cha bure. Ndiyo maana vifaranga hulelewa kwanza kwenye maji matamu hadi wavuke gramu mia moja hivi, wakati mwingine zaidi, ndipo wanapelekwa kwenye vizimba.

Sasa angalia mahali walipochagua. Trauti wa bahari wa Tasmania wamejengewa jina na Macquarie Harbour, ghuba ya kilomita za mraba zipatazo 315 kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa, karibu na mji mdogo wa Strahan. Mlango wake wa kutokea baharini ni mwembamba na wa kina kifupi, na unaitwa Milango ya Jehanamu. Jina hilo ni la enzi za gereza la wakoloni lililokuwa kisiwa cha Sarah, humo humo ghubani, kuanzia 1822 hadi 1833. Mto Gordon na mto King humwaga ndani yake maji yaliyopita kwenye misitu na mboji, yana rangi kama chai ya rangi iliyokaa kwenye birika. Maji hayo matamu ni mepesi, kwa hiyo hutanda juu, na ya bahari yanakaa chini yake. Trauti aliye kizimbani anaweza kupanda na kushuka akajitafutia chumvi inayomfaa.

Faida yake haiishii hapo. Kusini-mashariki mwa Tasmania wafugaji wa samoni wanasumbuliwa na amiba anayevamia matamvua, na tiba ni kuwaogesha samaki kwenye maji matamu, kizimba baada ya kizimba, tena na tena. Ni kazi ya boti, mabomba na vibarua. Ndani ya Macquarie Harbour mto ndio unaowaogesha, bila malipo.

Tuje kwenye pesa. Kuna mambo manne unayoyalipia, na kwa maoni yangu matatu ni ya haki.

La kwanza ni chakula na muda. Trauti wa sahani moja huvunwa akiwa na gramu 250 hadi 400. Huyu wa bahari huvunwa akiwa na kilo mbili, tatu, hata nne, baada ya mwaka mzima au zaidi kizimbani, juu ya miezi aliyolelewa nchi kavu. Muda wote huo anakula tembe zilizotengenezwa kwa unga na mafuta ya samaki, soya, ngano na mafuta ya mimea, na chakula hicho peke yake hufikia karibu nusu ya gharama zote za mfugaji. Kila mwezi wa ziada ni mwezi mwingine wa kuhofia ugonjwa, dhoruba na sili wanaokata nyavu. Malipo yake ni mafuta: trauti wa mto mara nyingi ana asilimia 5 au 6, huyu anafika 10 hadi 15. Chukua kisu kikali, kata mnofu wa katikati kwa kukingama, uutazame karibu na dirisha. Utaona mistari myeupe myembamba inayotenganisha misuli. Mafuta mengi yamekaa humo, na kidole chako kitakuambia hivyo ukikipitisha juu.

Rangi nayo inatoka kwenye chakula. Wengi hushtuka wakisikia hili, lakini hakuna siri. Trauti hawezi kujitengenezea rangi ya chungwa. Akiwa baharini huko kwao huipata kwa kula uduvi, na akiwa kizimbani huwekewa astaksanthini kwenye tembe, kemikali ileile inayofanya gamba la kamba liwe jekundu likichemshwa. Wanunuzi wakubwa wana kadi za rangi zenye nambari 20 hadi 34, wanaziweka juu ya mnofu na kusoma. Trauti huishika rangi hiyo vizuri kuliko samoni wa Atlantiki, ndiyo maana kwenye kaunta yenu samoni anaonekana amepauka akiwekwa kando yake. Yule wa mto wa kwenu ana mnofu mweupe kwa sababu hakuna aliyemlisha rangi. Mlishe miezi michache, atakuwa wa chungwa vilevile, pale pale Nyeri.

La pili ni namna anavyouawa, na hapa ndipo samaki wengi wazuri huharibiwa. Shamba makini huwafungisha samaki siku kadhaa ili tumbo liwe tupu. Huwavuta taratibu bila kuwachosha, kwani samaki aliyehangaika hukakamaa mapema na mnofu wake hupasuka-pasuka ukikatwa. Humpiga kichwani mara moja kwa mashine akazimia, humkata mishipa ya matamvuani damu itoke yote, kisha humtumbukiza kwenye maji ya barafu. Kagua boksi lenu: fungua tumbo, pitisha ukucha kwenye uti wa mgongo. Ukikuta damu nyeusi iliyoganda, au mnofu wenye mianya kama kurasa zilizoachana, mrudishe, hata kama lebo ni ya dhahabu.

La tatu ni uhaba na safari. Mwaka 2020 dunia ilifuga samoni wa Atlantiki wapatao tani milioni 2.7. Trauti upinde hawakufika tani milioni 1, na sehemu kubwa ya hao ni wa maji matamu. Tena wa Tasmania anavuka bahari kwa ndege akiwa juu ya barafu.

La nne ni jina, na hapa sikuungi mkono kulipa kila unachoambiwa. Umaarufu wa samaki huyu kwenye hoteli za kifahari una mtu: Tetsuya Wakuda, Mjapani wa Hamamatsu aliyefika Sydney mwaka 1982, akafungua mgahawa wake Tetsuya's mwaka 1989. Sahani yake iliyotajwa kuliko zote ilikuwa kipande cha trauti wa Tasmania kilichoivishwa kwa joto dogo sana ndani ya mafuta, mpaka mnofu unalainika bila kubadilika rangi. Mgahawa ulifungwa mwaka 2024, lakini sahani ile ilikwisha kumpandisha daraja samaki mwenyewe duniani kote. Sifa hiyo anaistahili. Ila Wanorwei wanafuga spishi hiyohiyo kwenye fyodi zao, yaani ghuba ndefu nyembamba zilizoingia kati ya milima, wanaiuza kama trauti wa fyodi, na kwa mtu aliye Dubai safari yake ni fupi zaidi. Kama tarehe ya kuvunwa ya Mnorwei ni ya juzi na ya Mtasmania ni ya siku kumi zilizopita, mimi nachukua wa Norwei bila kufikiri mara mbili. Samaki aliyetolewa matumbo akakaa kwenye barafu kamili hudumu wiki mbili hivi, lakini hapo mwishoni unakuwa umebakiwa na rangi tu. Kwa hiyo mwombe msambazaji tarehe ya kuvunwa. Tarehe ya kufungashwa haikusaidii.

Kuna gharama nyingine ambayo haijaandikwa kwenye boksi, nayo mpishi wa hoteli kubwa ataulizwa na wageni siku hizi. Mlango mwembamba unaoipa Macquarie Harbour tabaka lake la maji matamu ndio huohuo unaoyazuia maji ya chini yasibadilishwe. Maji ya kina hukaa humo muda mrefu, na chochote kinachozama, iwe kinyesi cha samaki au chakula kilichobaki, huozea chini na kula oksijeni. Vizimba, vya samoni na vya trauti, viliongezwa sana baada ya mwaka 2012, na oksijeni ya chini ikaporomoka. Wafugaji wa vizimba vya Ziwa Victoria wanaijua hatari hii: siku maji ya chini yasiyo na hewa yanapopanda juu, tilapia hufa usiku mmoja. Kule Tasmania mwaka 2018 samaki zaidi ya milioni 1 walikufa ghubani, kwa virusi vilivyowakuta wakiwa kwenye mazingira hayo magumu. Serikali ikashusha kiwango cha samaki wanaoruhusiwa hadi tani 9,500.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa samaki mmoja bapa wa jamii ya taa. Taa wa Maugean aligunduliwa mwaka 1988 kusini-magharibi mwa Tasmania, na leo makazi yake yanayojulikana kuwa hai ni Macquarie Harbour tu. Mayai yake hukaa chini, kwenye maji yaleyale yanayokosa hewa. Wahifadhi wanataka vizimba vitoke; watu wa Strahan wanauliza watakula nini. Machi 2025 bunge la Australia lilibadilisha sheria ya mazingira ili ufugaji uendelee. Mimi nimeufanya ufugaji kuwa kazi yangu na siupingi, lakini ghuba iliyofungwa hivyo ina kikomo, na kikomo kile kilivukwa kabla mtu hajakubali kukipima. Mgeni akikuuliza, mweleze yote mawili.

Mombasa? Hapana, ndugu yangu, na si suala la mtaji. Trauti hustawi kwenye maji ya nyuzi 12 hadi 18 hivi. Yakipita 20 anaanza kukataa chakula, na yakikaribia 25 anakufa. Bahari ya Mombasa ina nyuzi 25 ikiwa baridi kabisa, wakati wa kusi, na karibu 30 kaskazi ikipamba moto. Halafu kuna oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 10 yanaweza kushika miligramu 9 hivi kwa lita. Ya nyuzi 28 yanashika kama 6 na nusu, tena samaki aliyepata joto anahitaji hewa zaidi, si pungufu. Hapo hapo Dubai wapo wanaofuga samoni ndani ya matangi ya nchi kavu kwa kuyapoza maji na kuyachuja upya. Inawezekana, lakini fikiria bili ya umeme ya kuipoza bahari. Pwani ya Kenya ina samaki wake wanaoijua hali ile: mwatiko, ambaye vikundi vya Kilifi na Kwale vinamfuga kwenye mabwawa, pamoja na kaa na kamba. Hao ndio wa kuwekea pesa.

Wazo la maana liko juu kwenye baridi. Nikukumbushe kwamba ladha na mwili wa huyu samaki sehemu kubwa umetokana na baridi, chakula na muda. Bahari imempa nafasi, maji yasiyobadilika ghafla, na imemwepusha na ile harufu ya tope inayompata samaki wa bwawa lenye mwani mwingi. Yote hayo yanapatikana pia mahali pasipo na chumvi. Nenda Lesotho: kwenye bwawa la Katse, mita zaidi ya 2,000 kutoka usawa wa bahari, trauti upinde wamefugwa kwenye vizimba mpaka wakawa wakubwa wenye mnofu wa chungwa, na wameuzwa hadi Japani, kwa watu wanaokula samaki mbichi na wasiotania. Hakuna bahari pale. Lesotho haina hata ufuko. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare baridi tunayo. Tunachokosa ni maji mengi ya uhakika wakati wa kiangazi, kwa kuwa mito yetu inagawanywa na mashamba, na chakula bora cha samaki kwa bei inayobebeka. Shamba litakaloweza kumweka trauti hadi kilo mbili, majike watupu ili wasikomae mapema na kupoteza mafuta kwenye mayai, likamlisha rangi na kumwosha vizuri kwenye maji yanayotiririka kabla ya kuvuna, litauza kwenye hoteli za Nairobi kwa bei tofauti kabisa na ya yule wa sahani moja.

Sasa jiko lako. Anakukaukia kwa sababu mafuta yake, ingawa ni mengi kuliko ya trauti wa mto, mara nyingi hayafiki ya samoni wa kufugwa, na nyuzi za mnofu wake ni nyembamba. Dakika anazozivumilia samoni zinamuua huyu. Punguza moto, tumia kipimajoto. Tengeneza maji ya chumvi, gramu 50 kwa lita, baridi kabisa, loweka vipande dakika kumi hadi kumi na tano, futa na uache vikauke kwenye friji bila kufunika. Chumvi hiyo inazuia ule ute mweupe usitoke, na ute ukitoka kwa wingi jua umeshapitiliza. Mpake mafuta, mweke kwenye oveni ya nyuzi 80 au 90, mtoe katikati ikisoma 45 hadi 48. Ukitaka ngozi kavu, ichune, ikaange peke yake katikati ya sufuria mbili, uiweke juu baadaye. Na tafadhali usimtie ukwaju na nazi ya samaki wa kupaka. Sahani ile ni ya changu na tewa. Kwa huyu utakuwa umelipia rangi na kuizika.

Kuhusu kumla mbichi au nusu mbichi: samaki aliyefugwa tangu yai kwa tembe kavu hana njia rahisi ya kupata minyoo ya anisaki, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1276/2011 inawaondolea samaki wa namna hiyo sharti la kugandishwa kwanza. Mwombe msambazaji karatasi inayothibitisha hilo, msiishie kuamini neno. Bakteria ni habari nyingine: nyuzi 45 haziwaui. Kwa mjamzito, mzee au mgonjwa, mwivishe hadi nyuzi 63, na trauti wa moshi wa baridi usimpe kabisa mjamzito, kwa ajili ya bakteria wa listeria.

Tumbo usilitupe. Ukisharekebisha mnofu uwe mraba wa sahani, utabaki na ukanda mwembamba wa chini wenye mafuta kuliko sehemu yoyote. Ukate vipande vya vidole viwili, nyunyizia chumvi saa moja, futa, uchome juu ya makaa makali upande wa ngozi tu. Wapishi wenzako watagombania huo kabla haujafika kwa mgeni.